Kidole Gumba cha Mzee Wafula

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kahawa, karani wa shamba aliponiita kutoka kwenye meza za kuanikia, akanipa karatasi nimsomee mtu. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Kati ya wanawake wote waliofanya kazi katika shamba lile la Mzungu nje ya Ruiru, ni mimi tu niliyefika darasa la nne kwenye shule ya misheni, na mwanangu, sitakuficha, jambo hilo lilikuwa limenipanda kichwani.

Mtu wa kusomewa alikuwa Mzee Wafula. Alitoka kwao Bungoma akiwa kijana, na kwa miaka mingi ndiye aliyeendesha mashine ya kumenya kahawa. Wiki chache kabla ya siku hiyo mashine ilimkamata mkono wa kulia, ikamkata vidole vitatu. Sasa alikuwa ametoka hospitali, mkono bado umefungwa bandeji, amekuja kuuliza atapewa kazi gani anayoiweza.

Karani alininong'oneza mlangoni, "Mwambie ni karatasi ya kuonyesha amerudi kutoka hospitali. Ukifanya vizuri nitakutoa juani, uje kufanya kazi ndani ya stoo."

Niliisoma kimya. Ilisema kwamba Wafula ameacha kazi kwa hiari yake, kwamba aliumia kwa uzembe wake mwenyewe, na kwamba hana dai lolote. Nilielewa kila neno. Kisha nikafungua mdomo nikasema nilivyoambiwa niseme.

"Ni hayo tu, binti yangu?" mzee akaniuliza.

"Ni hayo tu, mzee."

Akakibonyeza kidole gumba cha mkono wa kushoto kwenye wino, akaweka alama, akanishukuru. Alinishukuru, mwanangu. Nilirudi kwenye meza zangu nikiwaza nitavaa nguo gani nikianza kazi ya stoo.

Siku ya pili nyapara alimwambia atoe vitu vyake kwenye chumba cha laini, makazi ya wafanyakazi wa shamba, kabla ya Jumamosi, yeye na mkewe na watoto wanne. Hakuna notisi, hakuna nauli ya kumrudisha kwao, hakuna fidia ya vidole. Alipouliza sababu, alionyeshwa alama ya kidole chake.

Nilikuwa nikiishi na Tata Wangari, mdogo wa mama yangu, mjane aliyechuma kahawa katika shamba hilo hilo. Alileta habari hiyo mchana, tukiwa tumekaa kula. Niliacha kula. Nikamweleza yote.

Hakupiga kelele. Aliweka sahani chini.

"Nyambura, karo yako ilitoka wapi?"

"Kwako, Tata."

"Ilitoka kwa mgongo huu. Nilitaka mmoja wetu ajue karatasi za hawa watu zinasema nini, wasituchezee. Kumbe nilikuwa ninamsomeshea karani msaidizi." Akanionyesha mlango. "Inuka. Nenda umwambie yule mzee, kwa mdomo huo huo uliomdanganya."

Nilimkuta akifunga magodoro kwa kamba, mkono mmoja na meno. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sababu ningeketi nisingemaliza. Mkewe alitoka nje. Mzee Wafula alikaa juu ya godoro.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza, ni hayo tu?"

"Uliniuliza, mzee."

"Basi utayasema haya mbele ya bwana wa leba?"

Nilisema ndiyo kabla woga haujanifikia.

Ofisi ya leba, ile ya serikali ya kusikiliza mashauri ya wafanyakazi, ilikuwa Thika, na tulikwenda kwa miguu. Masharti ya pasi ya kutembea, ya hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, yalikuwa yamelegea kidogo, lakini bado moyo uliruka kila nilipoona kofia ya askari. Mara ya kwanza, mtu wa mlangoni alituambia alama ya kidole ni alama ya kidole, turudi nyumbani. Mara ya pili mkubwa hakuwepo. Kufikia hapo familia ya mzee ilikuwa imeshatolewa kwenye chumba, ikahifadhiwa na watu wa kanisa lao Ruiru. Nilichoka, mwanangu. Nilimwambia Tata labda yatosha. Akanijibu, "Miguu ya Wafula haijachoka, yako ina nini?"

Mara ya tatu tuliingizwa ndani. Bwana wa leba, Mzungu, aliniuliza kupitia mkalimani kama najua kwamba ninajishtaki mwenyewe.

"Najua, bwana. Karatasi ilisema hivi, mimi nikamwambia hivi." Nikairudia karatasi neno kwa neno, jinsi nilivyoishika kichwani.

Mzee Wafula akainuka pale alipokuwa. "Andikeni pia," akasema, "kwamba huyu msichana amekuja mwenyewe. Hakuburutwa."

Nililia hapo hapo mbele yao wote.

Mkaguzi wa leba alikuja shambani, akaiona mashine haina kinga. Karatasi ile ikafutwa. Mzee Wafula alipata fidia, malipo ya notisi, na nauli ya gari moshi ya familia yake yote hadi kwao. Vidole havikurudi. Karani naye aliendelea na kazi yake kama kawaida. Mimi nilifutwa kazi wiki hiyo hiyo, nikaambiwa niondoke mara moja. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye benchi la leba vya kutosha kusikia sheria. Nikaketi kwenye ngazi ya ofisi ya shamba, nikasema siondoki bila notisi yangu na barua ya kuonyesha nimefanya kazi pale. Jua lilinichoma mpaka saa tisa. Wakanipa.

Basi nisikilize, mwanangu, wewe unayefanya kazi katika viwanda vya leo. Usiweke sahihi kwenye karatasi ambayo hujaisoma, na wakikuharakisha, hapo ndipo uketi uisome tena. Ukifutwa, uliza sababu, uliza notisi, uliza siku zako za likizo na michango yako ya uzeeni, na uchukue kila kitu kwa maandishi. Ukiumia, usikubali kuambiwa ni makosa yako kabla mtu wa sheria hajaiona mashine. Ofisi ya leba ikikurudisha, rudi tena. Huendi kuomba msaada, unakwenda kuchukua haki ya jasho lako. Na kama umesoma kuliko mwenzako, msomee yote, hata lile neno ambalo mkubwa wako hataki lisikike.

Mungu akupe kazi inayokuheshimu. Akikujalia kalamu, akupe na moyo wa kuishika sawasawa. Na siku utakayosimama kumtetea mwenzako, magoti yako yasikuangushe. Thaai, amani iwe nawe, mwanangu.