Filimbi za Babu Kwenye Kiti cha Studio

Mwezi uliopita nilikuwa Tabaka, kule Kisii, nikizunguka kwenye vibanda vya wachonga mawe, na katikati ya viboko na sahani za mawe nikaona filimbi za mbao zimepangwa kwenye mkeka, laini, zimepakwa mafuta. Nilichuchumaa, nikashika moja, nikaigeuza huku na huku. Kisha nikatoa simu na kuzipiga picha moja baada ya nyingine, mpaka msichana aliyekuwa akiuza akaniuliza kama ninanunua au ninazisajili. Nilinunua moja kwa aibu. Lakini ukweli ni kwamba, rafiki yangu, ugonjwa huu wa kupiga picha filimbi niliambukizwa na nyanya yangu nikiwa darasa la tano, naye hakuwahi kushika kamera maishani.

Kwetu ni upande wa Birongo. Miaka hiyo, mwanzoni mwa sabini, chai ilikuwa imeanza kumeza mashamba ya wimbi, lakini babu bado alikuwa na ng'ombe wake na bado alichonga filimbi. Alikata matawi ya mti fulani wa kando ya mto, wenye moyo laini, akayaacha yakauke, kisha akautoboa ule moyo kwa waya uliowekwa motoni hadi ukawa mwekundu. Harufu ya mti ule ukiungua kwa ndani naijua mpaka leo. Filimbi ikikamilika aliipaka samli na kuitundika juu ya meko ipate moshi. Alikuwa mtu wa kununa, mgumu wa kusifu. Lakini asubuhi akitoa ng'ombe, ukungu ukiwa bado bondeni, alipuliza, na sisi tuliokuwa jikoni tukinywa uji tulijua amefika wapi.

Kamera hakuitaka kabisa. Alisema picha ni ya watu wenye haja ya kujitazama. Hata kitambulisho chake kilikuwa na alama za vidole tu. Kwa hiyo alipofariki, nyumba nzima haikuwa na sura yake hata moja. Jirani yetu, mjane kama nyanya, alikuwa na mumewe ukutani ndani ya fremu, amepakata redio kubwa ambayo hakuwahi kuwa nayo. Ilikuwa redio ya studio, kila mtu alipewa aipakate. Zamani nyanya aliicheka sana ile redio. Baada ya msiba akaacha kuicheka. Akawa anakwenda kwa jirani kuomba chumvi, na anakaa mbele ya ule ukuta muda mrefu kuliko chumvi inavyohitaji.

Babu aliacha filimbi tano, na wana watano. Baba yangu na ndugu zake walikubaliana kwamba Jumapili wagawane vitu vya mzee, kila mmoja na filimbi yake. Mmoja alikuwa akifanya kazi Kericho, mwingine Mombasa. Nyanya hakuwapinga, kwa kuwa ilikuwa haki yao, ila alijua zikishatawanyika hataziona tena pamoja. Alhamisi jioni, tukichambua chinsaga, aliniambia kesho siendi shule, tunakwenda Kisii kupiga picha. Nilimuuliza nani anapigwa.

"Babu yako," akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Alinihitaji kwa sababu hakujua Kiswahili, nami nilikuwa nacho cha darasani. Tuliondoka alfajiri, filimbi zimefungwa ndani ya maganda makavu ya mgomba, nyanya amezibeba mgongoni kama mtoto. Kabla ya kufika Kiogoro mvua ikatukuta, tukajikinga kwenye ukuta wa duka na kula viazi vitamu vilivyokwisha kupoa. Nilisema turudi. Akakaza mzigo mgongoni. Ilikuwa Ijumaa, na jua likizama Sabato ingeingia, naye hakuwa mtu wa kukutwa njiani na Sabato. Mvua haikuwa imekatika alipoondoka, nikamfuata mbio.

Mwenye studio alikuwa Mhindi mzee, mpole, na nyuma ya kiti chake kulikuwa na pazia lililochorwa ndege ya abiria. Alizichukua filimbi, akazisifu kweli, akapitisha kidole kwenye matundu. Halafu akauliza mtu mwenyewe yuko wapi, maana filamu ni ya watu. Nilitafsiri. Nyanya akasema mwenyewe tumemzika. Yule mzee akatoa pole, akasema basi atazilaza mezani azipige vizuri, kama bidhaa.

"Mwambie mume wangu halali mezani," nyanya akasema, akanyoosha mkono kwenye kiti.

Vijana waliokuwa wakisubiri zamu yao walicheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nyanya hakugeuka hata kuwatazama. Mpiga picha, kwa mazoea tu, alileta ile redio na maua ya plastiki akaviweka kando ya kiti. Nyanya akaibeba redio kwa mikono miwili na kumrudishia kwa adabu zote. Akazisimamisha filimbi kwenye kiti, ndefu kwanza, fupi mwisho. Zikaanguka. Akazisimamisha tena. Zilipoanguka mara nyingine alizifunga pamoja kwa utepe wa ganda la mgomba, na zikatulia.

Mpiga picha alikuwa ameshainama kwenye kamera alipoinua kichwa na kuniambia nimwombe mama akae kando ya kiti, picha itapendeza zaidi. Nikatafsiri.

"Mimi nipo," nyanya akasema. "Picha ni ya asiyekuwepo."

Nikamwambia mzee neno kwa neno. Alimtazama nyanya kidogo, akarudi kwenye kamera, akapiga.

Tulifika nyumbani jua likigusa kilima. Jumapili filimbi zikagawanywa, na nyanya akazitoa mwenyewe, mkono kwa mkono, macho makavu. Picha ilipotoka aliitundika ukutani, na jirani alipokuja kuitazama aliuliza redio iko wapi. Walicheka wote wawili mpaka wakafuta machozi.

Leo filimbi hizo hazipo. Moja iliungua na nyumba, nyingine ililiwa na mchwa, zilizobaki hakuna anayejua zilikokwenda. Kando ya mto ni mikaratusi mitupu. Picha ninayo mimi, na babu yupo pale, ndefu na fupi, amekaa kitini. Ila ya nyanya hakuna. Nimeuliza kwa kila ndugu, nimefungua masanduku ya watu, wala sijaacha kuuliza. Wanangu wanataka kujua alifananaje, nami maneno yananiishia. Siku ile alikuwa amesimama karibu yangu, na alijua tu kile nilichomwambia mimi. Ningemwambia kwamba mpiga picha amekataa kabisa kupiga mpaka yeye akae. Kwa ajili ya babu, angekaa.