Kinanda kwenye Matanga ya Mama

Aibu hii sijaisimulia Ubelgiji, maana kule mimi ni Madamu Profesa, wanafunzi wa piano wanasimama nikiingia darasani, lakini nyinyi ni watu wa nyumbani, na mji mzima wa Baraka uliijua kabla sijatoka mlangoni mwa kanisa.

Nilikuwa nimerudi kumaliza matanga ya mama. Jumamosi mdogo wangu Riziki, anayeongoza kwaya na kuniita yaya, yaani dada mkubwa, akaniomba nipige kinanda kwenye ibada ya kesho yake, akaniambia, "Yaya, kuya tufanye repetisyo, ata mara moya tu." Mimi niliyepiga piano kwenye kumbi kubwa za Ulaya (watu wamevaa suti, hawathubutu hata kukohoa) nikamjibu, "Niko nachoka. Wimbo ya kanisa itanishinda namna gani?" Akaenda mazoezini, nami nikabaki uani peke yangu, hata mbuzi wa pale hawakunijua.

Jumapili kanisa lilijaa, wengine wamevuka ziwa kwa mitumbwi kutoka rasi ya Ubwari. Mchungaji akaanza kuomba taratibu, nami, nimeketi kwenye kinanda cha kanisa, nikabonyeza kitufe kutafuta sauti nzuri ya piano, badala yake zikaanza kudunda ngoma za dansi, za harusi kabisa, nikabonyeza kingine zikaongeza mwendo, watoto wakatikisa mabega, basi kwa hofu nikachomoa waya (wa kwanza niliouona), kumbe ndio wa mikrofoni, mchungaji akabaki anafungua mdomo bila kusikika, na kinanda, ambacho kilikuwa na betri zake, kikaendelea kudunda.

Riziki akaja akakizima kwa kidole kimoja, kisha akaanzisha wimbo wa Kibembe, lugha ya mama yetu. Kwaya ikapokea. Nikakiwasha tena niwafuate, nikaingia juu yao, nikashuka nikawa chini yao, mpaka akanishika mkono.

"Acha tu, yaya. Tutaimba bila kinanda."

Nikasimama mbele ya watu wote nikichezesha midomo, maana maneno sikuyajua. Bibi mmoja wa kwaya akaninong'oneza, bila ubaya wowote, "Hii wimbo njo mama yako alitufundishaka, nyuma ya weye kwenda Ulaya."

Hakuna aliyenicheka usoni. Baada ya ibada walinipa mkono, wakaniita profesa, wakanipakulia samaki mkubwa kuliko wa wote, kisha wakarudi kwenye mazungumzo yao ya Kibembe, ya haraka, ya kukatizana, nami nikala nikitabasamu kila walipocheka ili ionekane nimeelewa.

Tangu hapo nimeapa: mtu akiniita kwenye mazoezi, hata wawe wanafunzi walioanza juzi, naenda, tena nafika wa kwanza. Kabla sijaondoka Riziki alinifundisha ubeti mmoja wa ule wimbo. Nauimba jikoni kwangu, nikiosha sahani moja na kikombe kimoja. Ubeti wa pili navumisha sauti tu, midomo imefungwa, na katika jengo zima hakuna anayeweza kuniambia kwamba nimekosea.