Anwani Aliyoifunga Jicho

Kazini walimwita Jicho, na jina hilo lilimkaa kiasi kwamba hata mkuu wa kitengo aliliandika kwenye ratiba ya zamu badala ya lile alilopewa na wazazi. Si kwamba alikuwa na macho makali. Alivaa miwani mizito, na akiivua hakuweza kumtofautisha paka na mto wa kochi. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kazi yake: kukaa katika chumba kidogo cha ghorofa ya pili ya hospitali kuu, mgongo kwenye feni, na kutazama ni nani anayebisha hodi kwenye seva za hospitali, zile kompyuta zinazotunza taarifa zake, bila shughuli ya halali.

Kila anayeingia mtandaoni huonekana kwa anwani yake, safu ya tarakimu zisizovutia mtu. Wengi wa waliobisha walikuwa watu wema: waganga wa vituo vya afya vya mbali, wagonjwa waliotaka majibu yao. Lakini wengine walikuwa wezi. Walijaribu neno la siri moja baada ya jingine, kwa kasi ambayo vidole vya binadamu haviwezi, au walitafuta upenyo wa kumwaga barua taka kwa jina la hospitali. Jicho akimnasa mmoja, hakuwa na mchezo. Aliifunga anwani ile, akaiandikia kampuni ya intaneti iliyoimiliki, kisha akairipoti kwenye orodha ya pamoja ambako walinzi wa mitandao hupeana tahadhari. Anwani ikishachafuka kwenye orodha hiyo, hufungiwa hata na watu ambao haikuwahi kuwafanyia lolote.

Hakuanza na kazi hiyo. Alikuwa karani wa mapokezi, mtu wa kupanga mafaili na kuwatuliza waliochoka kusubiri. Wakati huo mama yake alikuwa amepimwa uvimbe wa titi na anasubiri majibu. Ikaja barua pepe yenye nembo ya hospitali, ikisema majibu ni mabaya na abonyeze mahali fulani kuyaona. Mama hakubonyeza. Aliingia chumbani, akafunga mlango, hakutia kitu kinywani, na kila aliyemgongea alijibiwa kwamba analala. Majibu ya kweli yalipotoka, uvimbe ulikuwa hauna madhara. Barua ile ilikuwa ya matapeli, na ilikuwa imetumwa kwa wagonjwa wengi. Jicho aliomba kuhamishiwa kitengo cha kompyuta, akasoma jioni baada ya kazi, akafaulu. Wenzake waliipenda kazi ile kama mtu anavyopenda kutatua mafumbo. Yeye aliifanya kwa kinyongo.

Nyumbani aliishi na huyo mama yake. Kaka yake, fundi umeme, alikuwa amehamia milimani pamoja na mkewe, mkunga wa kituo cha afya cha huko. Mawifi hawa wawili walipatana kama chanda na pete. Wifi mkunga alizoea kumtania Jicho kwamba haolewi kwa sababu kila mwanamume anayepiga hodi kwanza anachunguzwa anwani.

Jumatatu moja asubuhi, Jicho hajamaliza hata kuvua koti, simu za kitengo zilianza kulia. Mfumo ulikuwa umekwama, ule ambao vituo vyote vya afya viliutumia kuagiza damu na kusoma majibu ya maabara. Alipofungua kumbukumbu za seva akaona mistari inakimbia hata haisomeki. Kulikuwa na anwani nyingi zinazoshambulia, lakini moja ilizizidi zote, ikigonga na kugonga bila kupumua.

Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama nyuma yake, mkono kwenye egemeo la kiti. Mkurugenzi alikuwa amempigia, na sauti yake ilionyesha hivyo.

"Funga," alisema.

Jicho alikuwa na desturi aliyojiwekea mwenyewe. Kabla ya kufunga anwani, alirudi nyuma kwenye kumbukumbu kuangalia kama imewahi kuleta mtu mwema. Wakati mwingine jengo zima, au mtaa mzima, hutoka nje kwa anwani moja, na mharibifu hukaa humo pamoja na wasio na hatia. Ukaguzi huo haukuwa mrefu. Lakini asubuhi ile simu zililia, mkuu alimpumulia kisogoni, na yeye mwenyewe damu ilikuwa imemchemka. Akafunga. Akairipoti kwenye orodha ya pamoja kwa kiwango cha juu kabisa cha ubaya, akaongeza na maneno makali. Zile anwani nyingine ndogondogo akazifagia pamoja nayo.

Seva ikashusha pumzi. Simu zikanyamaza moja moja. Mkuu akampigapiga begani, akaenda kwenye kikao chake akiwa ametanua kifua.

Chai yake ilikuwa imepoa, akainywa hivyohivyo. Ndipo simu yake ya mkononi ilipolia. Alikuwa wifi yake, na wifi huwa hapigi simu saa za kazi.

Aliongea kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayezungumza mbele ya mgonjwa. Kuna mama amejifungua salama, mtoto mzima, lakini damu haikatiki. Gari la hospitali kuu limeshaitwa, na dereva yuko tayari kuondoka huko chini na chupa za damu, ila benki ya damu haiwezi kuzitoa bila ombi kwenye mfumo. Simu ya benki inatumika muda wote. Na mfumo haufunguki.

"Unasemaje ukiufungua?" Jicho aliuliza.

"Unasema tumezuiwa."

Jicho alirudi kwenye kompyuta na kufanya ule ukaguzi ambao hakuufanya. Anwani aliyoifunga ilikuwemo kwenye kumbukumbu za kila siku ya kazi, tangu kituo kile kilipounganishwa. Ilibeba maombi ya damu, majibu ya vipimo, chanjo za watoto. Na mbele ya kila ombi, jina la mtumiaji lilikuwa la wifi yake.

Alimwambia wifi asikate simu, akashuka ngazi mbio hadi benki ya damu. Mhudumu wa hapo, mtu mzima wa maneno machache, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Binti yangu, mimi sitoi damu kwa kuambiwa kwa mdomo," alisema. "Nione kipimo cha kundi na namba ya sampuli, kwa macho yangu. Tukikosea kundi, tumemuua sisi."

Mzee yule alikuwa sahihi. Jicho alipanda tena ngazi. Intaneti ya simu haikufika kule milimani; hata sauti ilipatikana kwa shida. Njia ilikuwa hiyo moja aliyoifunga. Na mashambulizi yalikuwa bado yanagonga mlangoni, aliyaona kwenye kioo cha kompyuta. Akiifungua hivihivi mfumo utakwama tena, ombi la wifi lizame humo pamoja na maombi ya vituo vingine vyote. Kilichotakiwa ni kumkamata mharibifu huko aliko, ndani ya kituo.

"Wifi, kaka yupo karibu?"

Alikuwepo. Nyumba za wafanyakazi zilipakana na kituo. Wifi alikuwa amelikandamiza tumbo la mgonjwa kwa mikono yake yote miwili, na simu ilishikwa na muuguzi, ambaye alimwita fundi kupitia dirishani. Kaka akaja anahema, akapokea simu.

"Kaka, nenda kwenye kile kiboksi cha intaneti," Jicho alimwambia. "Chomoa nyaya zote, bakiza ule wa kompyuta ya wifi."

Alisikia viatu vyake sakafuni, mlango, droo ikisukumwa. Kisha akasema tayari. Jicho akakodoa macho kwenye kioo. Mistari ilikuwa inakimbia vilevile.

"Bado."

"Nimechomoa zote, dada."

"Basi chomoa na wa wifi."

Akachomoa. Mistari haikupungua hata kidogo. Nyaya zote zimetoka, na bado kuna kitu humo ndani kinaishambulia hospitali. Nyuma ya pumzi za kaka yake alimsikia wifi akimwambia mtu asilale, amtazame usoni, asilale.

"Kaka, kuna kitu chochote hapo kinachotumia intaneti bila waya?"

Alimsikia kaka akizunguka chumbani, akifungua kabati moja baada ya jingine.

"Kuna kamera ya langoni," kaka alisema. "Niliifunga mimi, baada ya stoo ya dawa kuvunjwa."

"Neno lake la siri ulilibadilisha?"

"Lilelile iliyokuja nalo kwenye boksi."

Maneno hayo ya kwenye boksi wezi wa mtandaoni huyajua yote, na kamera ya namna hiyo huiteka na kuitumia kushambulia wengine. Jicho hakumlaumu. Hapakuwa na nafasi ya lawama. Alimwambia aende akaizime, na kaka akakimbia. Kupitia simu zilisikika kokoto, ngazi ikiburutwa, na mlinzi wa langoni akiuliza kulikoni asijibiwe. Kisha sauti kavu ya koleo likikata waya wa umeme wa kamera.

Mistari ikasimama. Kioo kikatulia ghafla hata Jicho akakiogopa. Akaifungua anwani, akamwambia kaka arudishe waya wa kompyuta ya wifi, muuguzi aingize ombi. Alisubiri akiwa ameuma kidole. Ombi likaingia, likiwa na kundi la damu na namba ya sampuli, kila kitu mahali pake. Alikuwa ameshafika nusu ya ngazi aliposikia mashine ya benki ya damu ikichapisha, na alipofika mlangoni mzee wa benki alikuwa tayari anapanga chupa kwenye kasha la barafu. Dereva alilipokea mikononi, akaondoka bila kuaga.

Kazi ya Jicho ilikuwa imekwisha. Barabara ya milimani ni mbovu na ya kupinda. Alikaa kwenye kiti chake, watu wanaingia na kutoka, mkuu akarudi na kumsifia tena kwa kazi ya asubuhi, yeye akaitikia tu kwa kichwa. Simu aliiweka juu ya meza, uso juu. Ilipolia alishindwa kuipokea mara moja.

"Damu imeingia," wifi alisema. "Anaongea. Ameuliza mtoto yuko wapi." Kisha akalia, yeye ambaye Jicho hakuwahi kumwona akilia.

Mama yule aliletwa hospitali kuu kuangaliwa zaidi. Kesho yake Jicho alikwenda wodini, akasimama karibu na kitanda. Mgonjwa akamdhania muuguzi, akamwomba maji. Jicho alimmiminia, akamshikia glasi mpaka akatosheka, akaondoka.

Lililobaki lilikuwa taarifa ya tukio. Kaka alimpigia kumsihi asitaje ni nani aliyefunga kamera. Alisema huko milimani fundi akiharibikiwa jina hana pa kulirudisha, na kwamba wao ni damu moja. Jicho alimsikiliza, roho ikimuuma, kisha akaandika yote mawili: kwamba kamera ilifungwa na kaka yake bila kubadilishwa neno la siri, na kwamba yeye mwenyewe alifunga na kuripoti anwani bila kukagua. Mkuu aliisoma mara mbili, akamwuliza kama ana uhakika anataka ibaki hivyo. Ikabaki. Akapewa onyo la maandishi.

Kuisafisha anwani ya kituo kulimchosha kuliko alivyowahi kuchoshwa na mhalifu yeyote. Barua pepe za kituo zilikuwa zinakataliwa kila zilikotumwa. Aliwaandikia wenye orodha, akaeleza, akaomba radhi, akaandika tena. Wengine walimjibu, wengine walimpuuza, na kwa majuma kadhaa wifi alilazimika kusoma baadhi ya taarifa zake kwa simu, neno kwa neno.

Kaka alimnunia. Salamu zilipitia kwa mkewe. Kisha Jumamosi moja akatokea nyumbani kwa mama bila taarifa, ngazi imefungwa juu ya pikipiki, akakaa sebuleni akizungusha kofia mikononi. Kabla ya kuhamia milimani alikuwa amefunga kamera nyingi hapo mjini, alisema, kwenye maduka, ghala, hata shule moja. Zote kwa neno lilelile.

"Nionyeshe linavyobadilishwa," alisema.

Jicho alichukua kompyuta yake, akapanda pikipiki nyuma yake. Mwenye duka la kwanza alikataa katakata, akisema kamera yake inafanya kazi vizuri, ya nini kuichokonoa. Kaka alisimamisha ngazi ukutani, akamwambia kwa upole kwamba hawataki malipo, na akaanza kumsimulia habari ya mama mmoja wa huko milimani.