Kumwita Anton Bwawani

Alois Luhende alipewa sharti moja tu na mama yake: asipite mahali alipozama Anton bila kuita jina lake. Alilikubali kwa kinywa chake mwenyewe, mtu mzima mwenye akili timamu, wamesimama wawili chini ya msalaba uliotundikwa ukutani. Hakuna aliyemlazimisha.

Anton alikuwa kaka yake. Mwaka 1975, familia yao ikiwa imehamia kijiji cha Ulimba katika Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ya mwaka uliotangulia, Anton alikwenda bwawani kutega nyavu, na mtumbwi wake ukaonekana jioni ukielea peke yake. Bwawa la Ulimba lilijengwa miaka michache baada ya Uhuru, kaskazini ya reli iendayo Kaliua, na maji yake yalifunika bonde ambalo zamani lilikuwa kambi ya misafara. Miti haikukatwa kabla ya maji kuingia. Ilikufa ikiwa imesimama, na vichwa vyake vyeupe vilitokeza katikati ya bwawa kama watu waliokatazwa kuketi. Vijana wa kijiji walipiga mbizi kumtafuta Anton kati ya matawi hayo mpaka wakaogopa, wakaacha. Nyavu zilipatikana. Yeye hakupatikana.

Padre alikuja kutoka Tabora akasoma misa. Watu walikula, wakaondoka. Lakini Marcelina, mama yao, hakunyoa nywele wala hakuvua kaniki ya msiba. Baba yake Marcelina alikuwa mpagazi, amebeba pembe hadi pwani mara nyingi, naye aliwasimulia watoto wake jinsi mtu alivyougua njiani na kuachwa. Msafara haukungoja. Asubuhi wenzake walijitwika mizigo, na kabla ya kuondoka mmoja wao aliita jina la aliyeachwa akasema, "Twende nyumbani." Waliita hivyo kila kambi waliyolala, mpaka wakafika Unyanyembe, na mama au mke wa yule mtu akasikia jina likiitwa mlangoni kwake. Asiyeitwa, alisema mzee yule, hukaa pale pale alipoangukia, na hajui kwamba safari imekwisha.

Marcelina alikuwa Mkatoliki wa kweli na rozari haikumtoka mkononi. Jambo hili hakulitenganisha na rozari.

Alois alikuwa mlinzi wa pampu ya bwawa. Wakati ule kulikuwa na mhandisi wa maji, Mholanzi, aliyekuja kusimamia mabomba, naye alileta ubao mrefu wenye mlingoti na tanga ambao kila Jumapili alisimama juu yake majini akaendeshwa na upepo. Watoto walimkimbilia kandokando ya tuta. Mkataba wake ulipokaribia kwisha, katikati ya mwaka 1976, alimfundisha Alois kwa Jumapili chache, kisha akamwachia ubao na kwenda kwao.

Alois alimwambia mama yake kwamba kwa ubao ule ataweza kufika kwenye ile miti, mahali ambapo mitumbwi ilikwama. "Nitamtafuta kaka, Mayu," alisema. Hapo ndipo Marcelina alipotoa sharti lake. Kila Jumapili baada ya sala alikuja kuketi kwenye tuta la bwawa upande wa magharibi, ambako upepo wa kiangazi ulimletea kila sauti ya majini, akangoja kusikia jina.

Miezi ya mwanzo jina lilisikika sana, kwa sababu Alois alianguka sana. Ubao ule hauna usukani. Unauongoza kwa kuulaza mlingoti, mbele ukitaka kuukimbia upepo, nyuma ukitaka kuukabili, na miguu lazima ijue jambo hilo kabla ya kichwa. Kuondoka na upepo kulikuwa rahisi. Kurudi ndiko kulikomshinda, na mara nyingi alirudi akiogelea, akiuvuta ubao kwa kamba aliyoiuma kwa meno. Kwenye miti alianguka kila mara. Nyayo zake zilishuka zikagusa matawi yenye utelezi chini ya maji, na mara moja tawi lilimshika kifundo cha mguu likakaa nacho kidogo, kisha likaachia. Alipanda ubaoni, akaita kwa sauti nyembamba kama ya mtoto.

"Anton. Twende nyumbani."

Kwenye tuta, Marcelina aliitikia kwa kusogeza punje moja ya rozari.

Watu walisema yao. Limbu, balozi wa nyumba kumi, alimkuta Alois njiani amebeba tanga begani. "Luhende, shamba la kijiji lina majani mpaka kiunoni, na hilo shuka lako halipalilii."

"Jumapili si siku ya jembe, balozi."

"Jumatatu je? Jumatatu unakuja umelala umesimama. Au huko majini wanakupa ugali?"

Wenye kusikia walicheka. Baadaye, kwa sauti ya chini, wengine walisema kwamba si vizuri kuwazoea waliolala bondeni, kwamba jioni pasipo upepo husikika mizigo ikitupwa chini, mzigo mmoja baada ya mwingine, kama msafara umefika kambini. Alois aliyasikia hayo pia. Mizigo yenyewe alikuwa ameisikia kwa masikio yake, alipofunga pampu, na hakumwambia mtu.

Mvua zilipokuja, tanga lilinasa kwenye kichwa cha mti likapasuka. Alois alilifunga kwenye baiskeli akaenda nalo Tabora, mtaa wa Gongoni, kwa mzee Champaklal aliyeshona maturubai na mahema. Mzee alilitandaza sakafuni akalizunguka.

"Hii kanzu ya nani? Jitu gani hili kwenu?"

"Ni tanga, mzee. La kwenda bwawani."

"Bwawa la Ulimba? Wewe si ndugu yake yule aliyezama? Nyavu zake kamba alinunua hapa hapa."

"Ndiye mimi."

Champaklal aliacha mzaha. Alishona kwa uzi wa magunia, mishono miwili sambamba, na akakataa kuambiwa ahsante. "Sasa vua kiatu, nionyeshe unasimama namna gani," alisema alipokwisha, na Alois akamwonyesha, pale pale dukani kati ya majora, magoti yamekunjwa, mikono imeshika mlingoti usiokuwepo. Uso wake ulibadilika. Alianza kueleza upepo unavyoingia, mwili unavyoning'inia, ubao unavyoacha kukwaruza maji na kuanza kuteleza juu yake. Alieleza muda mrefu. Jina la Anton halikurudi tena katika mazungumzo yale, na ni mzee wa Kihindi aliyeligundua hilo, si ndugu wa damu.

"Unapenda hii," alisema Champaklal.

"Ninamtafuta kaka," alijibu Alois, na uso ukamshuka.

Hakuna dhambi katika kupenda upepo. Mtu anaweza kulia msiba na bado furaha ikamkuta njiani, wala Mungu hamhesabii. Lakini Alois alikuwa ameahidi, na ahadi haina habari na mabadiliko ya moyo. Alois alijua ndani yake kwamba hatafuti tena. Angemwambia mama yake hivyo, waziwazi, huenda mama angelia, huenda angekasirika, na mwisho wangeelewana. Hakumwambia, kwa sababu bila kutafuta asingekuwa na sababu ya ubao.

Kiangazi kilirudi, na pamoja nacho upepo wa mashariki. Mwaka ulikuwa umetimia tangu asimame juu ya ubao kwa mara ya kwanza, na sasa alirudi kutoka popote. Hakuanguka. Hapo ndipo ugumu ulipoingia, maana mtu anayeanguka anaita kwa urahisi: yumo majini, tanga limelala, ana nafasi ya kuvuta pumzi. Anayekwenda lazima aliangushe tanga kwa hiari yake, asimame pale kati ya miti, aite, kisha alivute tanga kwa kamba, lisimame, aanze upya. Alois aliendelea kulifanya hilo, lakini alilifanya upesi, kama mtu anayevua kofia akipita kanisani.

Jumapili moja ya Agosti upepo ulikuja wenye nguvu ambazo hakuwahi kukutana nazo. Alianzia ukingo wa mashariki, akaegemea nyuma mpaka nywele zikagusa maji, na ubao ukanyanyuka. Bwawa zima likawa fupi. Aliiona miti ikija. Alifikiri, nitaita nikirudi. Akapita katikati yake kwa kasi bila kugusa hata tawi moja, katika uwazi ambao kwa mwaka mzima alikuwa akiutafuta na kuukosa, na sauti ikamtoka kifuani bila kuombwa. Alicheka. Alicheka kwa nguvu, kinywa wazi, na upepo ukakichukua kicheko kile moja kwa moja hadi kwenye tuta.

Alifika ukingoni akishuka kwa miguu miepesi. Mama yake alikuwa amesimama.

"Umemwita?"

"Nimemwita, Mayu."

Marcelina alimtazama. Alikuwa mwanamke mwenye umbo dogo, na kaniki yake ilikuwa imepauka kwa jua la mwaka ule.

"Nimesikia kicheko," alisema. "Kwanza nilidhani ni yeye. Mnacheka sawa. Nikasema, mwanangu amesikia, anakuja. Halafu nikakuona."

"Upepo ulikuwa mkali. Ningesimama pale ningeanguka."

"Mwaka mzima ulikuwa unaanguka, nami nilikuwa nasikia jina lake."

"Mayu, nisamehe. Narudi sasa hivi."

"Kumwita, au kucheza?"

Jibu la uongo Alois alikwisha kulitumia. Aliusukuma ubao majini akarudi kwenye miti akishindana na upepo, kwa ustadi ambao Mholanzi mwenyewe angeusifu. Aliliangusha tanga. Aliita mara nyingi, kwa sauti kubwa, mpaka upepo ukatulia na bwawa likawa kimya. Katika ukimya ule alisikia mzigo ukitupwa chini, hapo hapo karibu naye, kisha mwingine. Alipogeuka kutazama tuta, hapakuwa na mtu wa kusikia jina.

Juma lile Marcelina alimwomba Limbu amsemee kwa mwenyekiti aruhusiwe kuhama, akaenda kwa dada yake Nzega. Hakugombana na mtu. Alois alimfuata mara mbili. Mara zote mbili alipewa maji na chakula na mama yake mkubwa, na mara zote mbili Marcelina alibaki chumba cha ndani akisali kwa sauti, akimtaja Anton peke yake.

Masika yaliyofuata Marcelina aliugua homa, akafariki. Lori lililobeba habari lilikwama kwa tope njiani, na Alois alipofika alikuta kaburi limekwisha kufunikwa na watu wa Nzega wamekwenda mashambani.

Ubao hakuuacha. Aliuendesha miaka mingi, katika upepo wowote, na hapakuwa na mtu katika wilaya ile aliyeweza kufanya alichofanya. Ustadi huo na uongo mmoja vilimkosesha Alois mama yake, ambaye hakuzungumza naye tena, na ambaye yeye, mwana pekee aliyebaki, hakumzika.