Kitongoji chetu kilikatwa vipande vitatu tukiwa shambani tunaamia ndege

Wakuu, habari za mapumziko.

Nimepita nyuzi kadhaa humu watu wakibishana nani kakata mpaka wa jimbo gani. Naomba na mimi niweke langu. Ni dogo, la kitongoji tu, lakini nilikuwepo na sitaongeza chumvi. Majina nimebadilisha, na kijiji nakisitiri. Jueni tu kiko kati ya Kiberege na Ifakara.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa fundi baiskeli pale, na nalima kidogo.

Kwa wasiolijua bonde letu: mpunga ukitoa masuke, watu wanahamia shambani. Mnajenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, mnakaa humo wiki nyingi mkiamia ndege, yaani mkiwafukuza, toka alfajiri mpaka jua linazama. Kijijini nyumba nyingi zinabaki na kufuli. Wanaosoma wanaachwa kwa bibi.

Sisi tulikaa ng'ambo ya kijito, na kitongoji chetu kiliitwa hivyo hivyo, Ng'ambo. Tulikuwa na mwenyekiti wetu, na mwenyekiti wa kitongoji anaingia halmashauri ya kijiji. Humo ndimo tulikuwa tunapeleka kilio cha daraja. Kijito kikijaa, watoto hawaendi shule na mgonjwa anasubiri maji yapungue.

Mwaka mmoja tumerudi na mpunga wetu, tunakuta karatasi kwenye ubao wa ofisi, imeshapauka kwa jua. Kitongoji cha Ng'ambo hakipo tena. Kaya zake zimegawiwa vitongoji vitatu vya upande wa pili: Barabarani, Mashineni na Sokoni. Muda wa kuweka pingamizi ulikuwa umepita.

Wengi hawakuona tatizo. "Si tutapiga kura tu kama kawaida?"

Hapa naomba twende taratibu, maana ndipo watu wengi wanapopotea.

Sisi wote tukiwa pamoja tulitosha kumchagua mtu wetu. Tukigawanywa mafungu matatu, kila fungu linakuwa dogo mbele ya wenyeji wa kule. Hakuna aliyenyimwa kura. Kila mtu alipiga, na siku ya uchaguzi tulishindwa mara tatu kwa mpigo.

Jirani yangu Mama Thekla, mkulima na kiongozi wa kwaya, aligombea uenyekiti wa Mashineni, maana ndiko alikopangiwa. Mimi ninayechota naye kisima kimoja nilipangiwa Sokoni. Nisingeweza kumpigia hata kama ningetaka. Akashindwa vibaya, na neno daraja halikusikika tena kwenye halmashauri.

Tukaanza kukutana majirani wachache. Nikachora ramani kwenye boksi, mistari ya rangi tatu, nikaitundika pale ninapofanyia kazi. Nilijiona mtaalamu kweli. Mteja wa kwanza akaitazama sana, akauliza, "Fundi, hizi ni spoku?"

Iliniuma kidogo, lakini alikuwa na haki. Nilikuwa nimechora kwa ajili yangu mwenyewe.

Msimu ukafika, tukahamia shambani. Siku moja nimekwenda kumzibia Mama Thekla pancha, akaniambia, "Fundi, hapa watu wanapiga kelele kutwa nzima. Tuwape cha kupigia kelele."

Akapanda dunguni, akagonga debe, akaita dungu la pili, la Mzee Athumani.

"Baba, shikamoo!"

"Marahaba!"

"Kura unapiga wapi?"

"Barabarani!"

"Mimi je?"

"Nitajuaje?"

"Mashineni! Na fundi huyu yuko Sokoni! Bi mkubwa wako je?"

"Barabarani, si yuko kwangu!"

"Na bi mdogo?"

Nyumba ya bi mdogo ilikuwa hatua chache nyuma ya ile kubwa. Tukasikia wanaulizana kule, kisha mzee akapaza sauti:

"Mashineni! Yaani wamenipa talaka bila kuniita?"

Madungu yote ya karibu yakacheka. Na yeye, badala ya kununa, akageukia dungu lililofuata akauliza swali lile lile.

Wakuu, lile swali lilitembea bonde zima. Kila aliyeulizwa alilazimika kujua kura yake iko wapi na ya jirani yake iko wapi. Ramani yangu ilishindwa hapo.

Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa wakati ule ule wa ndege, kama kawaida. Kuacha shamba siku nzima ni kuwaandalia kweleakwelea, wale ndege wala mpunga, karamu. Tukakubaliana kila kaya iache mtu mmoja, na anayebaki aangalie na shamba la jirani. Tulipotokea wengi vile, mwenyekiti wa kijiji akashangaa: "Leo vipi, ndege wamefunga?"

Mama Thekla akaomba nafasi. Hakuhutubia. Aliomba tu watu wa ng'ambo wasimame, kila mmoja aende upande wa kitongoji alichopangiwa.

Ndugu wakaachana. Majirani wakaachana. Wake wa Mzee Athumani wakaenda huku na huku, yeye akabaki katikati anakuna kichwa. Kila mtu alicheka, hata mwenyekiti. Halafu kicheko kikaisha, watu wakaanza kuulizana nani katugawa hivi.

Mkutano ukaamua barua iende wilayani. Tuliifuatilia Ifakara kwa baiskeli, safari nyingi. Kabla ya uchaguzi uliofuata, Ng'ambo ikarudishwa.

Je, ilikuwa makusudi? Karani wa kijiji aliyeandikisha kaya aliniambia alikuta nyumba zimefungwa, akadhani watu wamehama. Wengine wanasema waliojua hesabu ya kura walijua walichofanya. Mimi sijui. Ninachojua, hakuna aliyekuja dunguni kutuuliza.

Sasa mtadhani Mama Thekla alishinda. Hapana. Aligombea tena, akapitwa kwa kura chache na Mzee Athumani!

Nikaenda kumpa pole. Nikamkuta anapeta mchele, anacheka peke yake.

"Fundi, mara ya kwanza nilikataliwa na watu wasionijua. Leo wamenikataa wanaonijua. Hii naikubali." Akatikisa ungo. "Ila kesho asubuhi niko mlangoni kwake. Daraja."

Na alikwenda, kesho na keshokutwa. Daraja la mbao lilisimama kabla mvua kubwa hazijaanza, na mzee mpaka anafariki alikuwa akisema alilijenga ili apumzike na yule mama.

Nilichojifunza: mpaka unaweza kukunyang'anya sauti huku kura yako unayo mkononi. Na ukitaka watu waelewe, usianze na ramani, anza na jirani yao.

Kwa hiyo nauliza kama tulivyouliza kule. Wewe kura unapiga wapi? Na jirani yako mnayechangia ukuta je? Kama hujui, toka nje umuulize, halafu njoo utuandikie hapa chini alichokujibu.