Kishetani Kwenye Upindo wa Koti

Recho alikuwa na ulimi. Si kumsema vibaya, maana kijiji kizima kilikuwa kinaufaidi. Msibani, watu wakishaanza kusinzia na chai imekwisha, ni yeye aliyekuwa akiwaamsha kwa hadithi mpaka mfiwa mwenyewe anajikuta anacheka na kuona haya. Alikuwa mhudumu wa kanisa la Anglikana, ndiye aliyefua vitambaa vya altare kila Ijumaa na kuvianika mbali na chanja za usipa visije vikanuka samaki, na hata kazi hiyo aliifanya huku anasimulia. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Hakujua kusimulia bila kutia chumvi.

Aliishi upande wa Liuli, hatua chache kutoka ziwani, na mwanawe Aidan ambaye ni kitinda mimba. Mume alikwishatangulia. Binti yake mkubwa, Avelina, alikuwa Uingereza mwaka wa tatu sasa, mji wa Lincoln, akitunza wazee wasiojiweza. Mwezi wa tano binti huyo alimpa mtu aliyekuwa anarudi Songea kifurushi cha mama: sweta, dawa ya kuchua miguu, na kidude cha shaba kisichozidi kidole gumba, chenye pini mgongoni ya kubandika nguoni. Kilikuwa kishetani. Kimekaa kimekunja nne, masikio ya ndama, mdomo wazi kinacheka.

Avelina alimweleza kwa simu. Pale Lincoln kuna kanisa kuu, na juu kabisa kwenye nguzo kuna kishetani cha jiwe cha namna hiyo hiyo. Wenyeji husimulia kwamba zamani Shetani alituma vishetani viwili, upepo ukavibeba hadi mlangoni pa kanisa. Vikaingia, vikavunja meza na viti, vikamtega askofu akaanguka. Malaika akatokea. Kimoja kikathubutu kumrushia mawe, naye akakigeuza jiwe pale pale; cha pili kikatoroka. Upepo ulikuwa umeachwa nje usubiri, na hakuna aliyekumbuka kuuambia kwamba mambo yamekwisha, kwa hiyo unasubiri mpaka leo, ndiyo maana kuzunguka kanisa lile hakuishi kuvuma. Watu wa Lincoln hawakiogopi. Wanakibandika milangoni na kwenye nguo, wanasema kina bahati. Ni hadithi tu, mama, alimalizia Avelina.

Hadithi tu, na anaambiwa nani? Jumapili iliyofuata, kwenye kikao cha Umoja wa Akina Mama, Recho aliimwaga yote na akaiongezea mkia wa kwake. Alisema upepo ule haukubaki Lincoln. Popote kishetani kinapopelekwa unakifuata, unakaa nje, unakidai. Alivuma kwa mdomo, akatikisa dirisha la ukumbi kwa mkono, akina mama wakashikana kwa kicheko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa jirani yake Bonifasia, Mkatoliki, aliyekuja pale kusikiliza tu.

Ambalo Recho hakumwambia mtu ni hili. Aidan alikuwa mvuvi katika boti ya mtoto wa Bibi Ottilia, pamoja na Erasmo wa Bonifasia na wenzao watatu, mwenye boti akiwemo, na kwa wiki kadhaa walikuwa wakirudi na usipa wa kujaza ndoo moja tu. Mwezi wa sita umeingia, majira ya mwera, upepo ule wa kusini unaoligeuza ziwa kuwa kitu kingine kabisa. Mama akaona bahati haikataliwi. Alasiri moja alifumua upindo wa koti zito la Aidan, akakitia kishetani ndani, akashona tena kwa uzi wa rangi ile ile. Angemwambia Aidan, angechekwa. Na padri je, aambiwe mhudumu wa altare anamvisha mwanawe kishetani? Alinyamaza.

Jumatatu jioni boti ilitoka. Usiku ule mwera ukaanza.

Jumanne asubuhi boti nyingine zilikuwa zimevutwa juu mchangani, ile moja haikuwepo. Recho alipiga simu ya Aidan mara nyingi asizoweza kukumbuka, akajibiwa na yule dada wa mtandao kwamba haipatikani. Alijipa moyo kwamba wamejibanza mahali. Jumatano upepo ukazidi, mabati yakawa yanapiga kelele kutwa nzima, na Recho akiingia bombani wanawake wananyamaza. Alijua wananyamazia nini.

Mchana ule Bonifasia alisimama mlangoni kwake, hata karibu hakungoja.

"Mama Avelina, kile kitu chako kiko wapi?"

Recho alisema kiko sandukuni. Bonifasia akamwambia akitoe, wakakitupe ziwani wote wawili sasa hivi, upepo uchukue chake na uwaache watoto. Recho akajibu kwamba yeye ni mtu wa kanisa, hatupi kitu ziwani kama mganga, wamsubiri padri arudi kutoka mkutanoni Songea. Alisema kwa sauti ya ukali. Jirani alipoondoka alikwenda kufungua sanduku, akapekua kanga moja moja mpaka chini, yaani kana kwamba angekikuta.

Kilichomtesa ni kwamba mkia ule aliutunga mwenyewe. Alikumbuka hadi mahali aliposimama wakati maneno yanamjia, karibu na dirisha, baada ya kuona kanga ya mtu inapepea. Avelina hakusema upepo unakifuata popote. Lakini bati likigonga tu, moyo ulimruka: na kama alitunga kitu cha kweli bila kujua? Upepo wa Lincoln unangoja nje ya kanisa la mawe. Huu wa hapa uko ziwani, na kishetani kiko ziwani, na mwanawe amekivaa.

Alhamisi Bibi Ottilia aliwaita. Huko ziwani boti ikichelewa siku ya tatu, kina mama na wake wa waliomo hukaa mchangani kando ya chanja. Hakuna anayeanika wala kuwasha moto nyumbani, na kila mmoja husema mbele ya wenzake lililomkaa moyoni juu ya yule aliye majini. Asemaye hajibiwi wala hakemewi. Wanasema ziwa halimwachii mtu aliyefungwa na neno la nyumbani. Waanglikana wanakaa, Wakatoliki wanakaa, na padri akiuliza wanasema walikuwa wanasali, jambo ambalo nusu yake ni kweli.

Mmoja alisema alimtukana mumewe mbele ya mashemeji. Mwingine alisema mumewe alitaka kumkana mtoto aliye tumboni, naye hajamsamehe. Ilipofika kwa Bonifasia, alijifunika uso kwa kanga. Alisema Jumatatu walikosana na Erasmo, na kijana alipokuwa anatoka alimfuata hadi njiani akamwambia asirudi.

"Nilimwambia asirudi," alirudia. "Kwa mdomo wangu huu."

Zamu ikawa ya Recho. Kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno yalimgomea. Aliangalia maji, yalikuwa meupe mpaka mbali, akajua kwamba akinyamaza na boti isirudi, hatasimulia tena kitu chochote mpaka anakufa.

"Kile kishetani hakiko sandukuni. Nilikishona kwenye koti la Aidan. Wanacho majini."

Kisha akaharakisha kuongeza kwamba ile habari ya upepo kufuata ni uongo, ameitunga yeye kuchekesha watu, hadithi yenyewe haisemi hivyo, wampigie Avelina wamuulize. Hakuna aliyemwamini. Alipodanganya walimshangilia, na sasa anapoapa ukweli wanamwona mtu anayejinasua. Desturi inakataza kujibu, kwa hiyo Bonifasia hakujibu. Aliinuka, akaenda kukaa upande wa pili wa chanja, na wengine wakasogea wakamfuata, mmoja mmoja, mpaka Recho akabaki na Bibi Ottilia ambaye miguu haikumruhusu kuinuka.

Alikaa hivyo mpaka jua likaegemea. Alihesabu mawimbi, akapoteza hesabu. Alimwahidi Mungu vitu vingi, na cha mwisho alichoahidi ni kufunga mdomo.

Sauti ya lori ndiyo iliyowageuza shingo. Lilisimama juu barabarani, lori tupu la makaa ya mawe, na nyuma yake wakaanza kushuka watu weusi tii kuanzia nywele hadi kucha, meno tu yanaonekana. Wanawake walipanda kilima wakikimbia, hakuna aliyemjua wake. Ila Recho aliliona koti. Lile zito, la kijivu, lenye mfuko uliochanika, angelitambua hata gizani. Alimkumbatia mvaaji kwa nguvu zote, akaita jina la mwanawe, na yule akasema kwa upole:

"Mama mkubwa, shikamoo. Mimi Erasmo."

Alimwachia, akaangalia nyuma ya lori, na hapakuwa na mtu anayeshuka. Aliangalia waliokwisha kushuka, wanne. Alitaka kuuliza na hakuthubutu kuuliza, kwa sababu mpaka aambiwe alikuwa bado ana mtoto.

Ndipo turubai kule mbele ya bodi likasogea, akatokea wa tano, kifua wazi, anapiga miayo. Alikuwa amelala. Aidan alishuka akilalamika kwamba hakuna aliyemwamsha, na mama yake akampiga makofi mawili ya mgongo kabla ya kumshika na kulia kwa sauti.

Habari ilitoka kidogo kidogo. Mwera uliwasukuma kaskazini mpaka karibu na Ndumbi, kule makaa yanakoshushwa, mashine imezima na simu zote zimelowa. Siku mbili walilala chini ya turubai kando ya lundo la makaa wakingoja gari la kushuka huku. Erasmo alikuwa ameangukia majini usiku wa kwanza wakati wa kuvuta nyavu, wakamtoa anatetemeka na homa, Aidan akavua koti akamvisha. Erasmo hakulivua tena.

Bonifasia alisikia hilo akiwa amemshika mwanawe mkono. Akapiga magoti palepale barabarani, akaupapasa upindo wa koti inchi kwa inchi mpaka vidole vikasimama. Aliukata uzi kwa meno. Kishetani kikatoka, kimekunja nne, kinacheka vilevile.

Recho alinyoosha mkono apewe. Alikuwa tayari kwenda kukitupa mwenyewe, mbele ya wote, yaishe.

Bonifasia alikifumbata.

"Hiki kinabaki kwangu, Mama Avelina."

"Jana ulitaka kitupwe."

"Jana Erasmo hakuwepo."

Hakuna aliyecheka. Wanawake walimtazama Bonifasia, na Recho akaona wazi kwamba kila mmoja angefanya vilevile. Bibi Ottilia, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na mkongojo wake, aliuliza kama yule binti wa Lincoln anaweza kutuma vingine, vinne tu, na asisahau cha boti.

Recho alikwenda nyumbani na mwanawe, akawasha moto, akasonga ugali. Mwera ulikuwa haujapungua hata kidogo. Aidan anakula, yeye amekaa karibu naye na mwiko mkononi, na kila bati likigonga anatega sikio ajue ni la nyumba gani. Mara likagonga la kwa Bonifasia, kwa nguvu, mara mbili. Recho akashusha pumzi. Halafu akaona haya, akamwongezea mwanawe mboga.