Mjukuu wangu alitengeneza site ya chuo, menyu ikagoma kwenye simu yangu

Vijana mnaosoma humu, na wakuu wengine, salaam. Ninaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, na sitaongeza chumvi.

Mwaka 2013 mjukuu wangu Saida alikuwa anafanya stage, yaani mafunzo ya kazini, kwenye idara moja ya chuo kikuu hapa Brussels. Walimpa kazi ya kuifanya upya site, yaani tovuti, ya idara.

Si mambo ya ndani ya mashine, hapana. Ni ule upande wa mbele, ule mtu anaouona na kuubonyeza. Chef wake, yaani bosi, madame mmoja, alimwambia ikipita vizuri kwenye réunion, kikao chao, atapata contrat, mkataba wa kazi.

Bon. Jumapili akaileta nyumbani kwetu Anderlecht, kwenye ordinateur kubwa, kompyuta. Rangi safi, picha zinateleza. Wote wakapiga makofi. Mwanangu Hamisi akasema inafanana na site ya benki.

Mimi nimesafisha korido za chuo miaka kumi na moja. Wanafunzi wageni hawakuwa wanasoma site. Walikuwa wananiuliza mimi niliyeshika ndoo: secrétariat, ofisi ya makarani, ni chumba gani, inafunguliwa saa ngapi?

Donc nikaifungua kwenye simu yangu, nitafute hayo mawili tu.

Menyu haikufunguka. Nikabonyeza, nikabonyeza tena.

"Bibi, unapitisha souris, kile kipanya cha ordinateur, juu yake, inashuka yenyewe."

"Simu yangu ina souris?"

Wakacheka. Hamisi akaniambia nimwache mtoto, nisimharibie siku. Saida naye akasema watu wa chuo wana ordinateur, si simu za kina bibi.

Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, naliandika.

Alhamisi, kwenye réunion, madame akatoa simu yake mfukoni. Menyu ikagoma vilevile. Contrat haikutoka. Walimwongezea mwezi mmoja wa stage, arekebishe.

Alirudi nyumbani, hajavua hata koti, akakaa karibu yangu. "Bibi, nipe simu yako."

Mwezi mzima aliijaribu site kwenye simu hiyo hiyo. Menyu ikawa inafunguka kwa kidole. Chumba cha secrétariat na saa zake akaviweka juu kabisa, kabla ya picha.

Contrat ikatoka.

Nilichojifunza: tulimsifu kwa kitu ambacho hakuna hata mmoja kati ya wale wapiga makofi aliyekuwa amekigusa. Nyinyi mnaofanya kazi hizi za site, kama ninakosea niambieni hapa chini, nitasoma.

Nyumbani niliwaita wote, Hamisi akiwemo, nikawaambia: "Kazi ya mtu ikiletwa humu ndani, hakuna kupiga makofi mpaka mmeitumia."